Shangazi Ametuma Buni, Usimwaibishe

Mfuko umefika. Umeshuka na basi la Moshi pale Stendi ya Magufuli, umefungwa kwa kamba ya katani, na ndani yake, chini ya ndizi na maparachichi, mna kilo mbili za buni. Jioni simu inaita. "Umeiona kahawa?" "Nimeiona, shangazi, ahsante sana, Mungu akubariki." Simu ikikatwa, buni zinapandishwa juu ya kabati, nyuma ya ile sufuria kubwa ya shughuli, na wewe unashuka dukani kwa Mangi kununua kahawa ya kopo.

Huo ni utovu wa adabu, na mwongozo huu umeandikwa kuukomesha. Nimeiona mifuko ya namna hiyo Kimara, Sinza, Tabata, hadi Mbagala. Mmoja ulikuwa na miaka mitatu juu ya kabati, umezeeka kuliko mtoto wa nyumba. Nikiwauliza wenyewe, jibu huwa moja: "Sijui nianzie wapi." Haya, tuanze.

Mimi ni mtoto wa kihamba. Nimekulia Kibosho, mibuni chini ya migomba, na nilichuma kahawa mbivu kabla sijajua kuandika jina langu. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye miti ile. Hata hivyo nyumbani kwetu kahawa hatukuinywa. Tulikunywa chai. Tangu wamisionari waipande Kilema mwishoni mwa karne ya 19, tangu wakulima waunde chama chao cha KNPA mwaka 1925 na kisha KNCU mwaka 1933, kahawa ya mlimani ilikuwa na safari yake inayojulikana: kutoka shambani hadi chama cha msingi, kutoka chama hadi kiwanda cha kukoboa pale Moshi mjini, kisha mnadani, kisha melini. Katika safari hiyo yote hapakuwa na kituo kinachoitwa jikoni kwa mkulima. Kahawa ilikuwa fedha, na fedha hainywewi.

Kikombe changu cha kwanza cha kahawa ya maana nilikinywa Kariakoo, nikiwa na miaka ishirini na miwili, kutoka kwenye dele la mzee mmoja wa pwani ambaye hajawahi kuuona mbuni. Alikuwa akipita mtaani na jiko lake la mkaa, akigonganisha vikombe mkononi, na alipojua nilikotoka alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, wewe umelala juu ya mto wa asali unaramba sukari." Mengi utakayoyasoma hapa ni ya mzee yule. Mengine nimeyapata jikoni kwangu, kwa miaka ya kukaanga mwenyewe.

Fungua mfuko kwanza

Usikimbilie moto. Shangazi anaweza kuwa ametuma kimoja kati ya vitu vitatu. Ukiona matunda makavu, meusi, magumu kama mbegu za ubuyu, hiyo ni kahawa ya maganda: tunda zima limekaushwa juani na buni zimo ndani. Ukiona punje zilizovaa ganda jembamba la rangi ya karatasi kuukuu, hiyo ndiyo wakulima wa Kilimanjaro wanayoipeleka chamani baada ya kuimenya, kuichachusha, kuiosha na kuianika. Na ukiona punje tupu za kijani kinachoelekea kijivu, mshukuru Mungu, shangazi amekukobolea: hiyo ni kahawa safi.

Mbili za kwanza zinataka kinu. Twanga polepole, kwa mchi ulio mwepesi, mpaka maganda yaachie, kisha peta kwa ungo. Kama unaishi ghorofani na huna kinu, jirani wa chini anacho. Mwombe, na umwahidi kikombe. Usithubutu kukaanga kahawa ikiwa na ganda lake ukidhani litaungua lenyewe. Ganda litaungua, naam, na utakunywa majivu yake.

Kisha mimina punje kwenye sinia, kaa penye mwanga, uchague kama unavyochagua mchele. Toa mawe. Toa punje nyeusi, zilizovunjika, zenye tundu la mdudu, na zile zenye wekundu wa kutu ambazo ukizinusa zinanukia siki. Hizo za mwisho ni hatari kuliko jiwe, kwa sababu jiwe litakuvunja jino na utalijua, lakini punje iliyooza itaingia kwenye birika zima na wageni wako watanyamaza kwa heshima.

Hapo kwenye sinia utakutana na punje za mviringo, nene, zisizo na upande bapa. Usizitupe! Tunda la kahawa kwa kawaida hubeba mbegu mbili zilizobanana kifua kwa kifua, ndiyo maana kila moja ina upande bapa. Mara chache mbegu moja tu hukua, ikachukua chumba kizima, ikawa duara. Wafanyabiashara huziita PB, huzitenga katika daraja lake, na huko Marekani zinauzwa kwa fahari chini ya jina la Tanzania. Nimeona mtu akizichagua na kuzimwaga pamoja na mawe. Nilimwomba anipe, akanipa bure, na mpaka leo sijui nimshukuru vipi.

Kama shangazi yako ni wa Bukoba, umepata kitu kingine. Kahawa ya Kagera kwa sehemu kubwa ni robusta, na Wahaya waliijua kabla hajafika mmisionari yeyote: waliichemsha mbichi pamoja na majani yenye harufu, wakaikausha, wakampa mgeni atafune kama dalili ya urafiki. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro, Mbozi au Mbinga. Ni nzito, ina uchungu wa kiume, na inakaa vizuri sana kwenye dele. Ipunguze kidogo kipimo, na usimpe mtu anayelala saa tatu usiku.

Moto

Punje mbichi haina harufu ya kahawa. Inanukia nyasi, na kwa mbali kunde. Kila unachokipenda kikombeni huzaliwa katika dakika kumi na tano za moto, kwa hiyo kwa dakika hizo usipokee simu, hata ya shangazi. Fungua madirisha. Anua nguo kambani. Moshi utakuwepo, na sare ya shule iliyoachwa kambani itakwenda darasani Jumatatu ikinuka dele.

Tafuta kikaango kizito cha chuma, au sufuria nene, au chungu cha udongo kama unacho. Kile kikaango kisichoshika chakula kiache kwenye mayai yake, moto wa buni utakiharibu. Pima gramu 200, zisizidi. Buni zikirundikana, za chini zitaungua na za juu zitabaki mbichi, na utapata kikombe chenye makosa mawili kwa bei ya moja. Washa moto wa kati, uache chombo kipate joto, mimina, chukua mwiko wa mbao, na uanze kukoroga. Hukai. Huendi kuangalia taarifa ya habari. Unakoroga.

Dakika tano za kwanza utadhani hakuna linalotokea. Punje mbichi ina maji, asilimia 10 hadi 12 ya uzito wake, nayo lazima yaondoke kwanza. Kijani kinafifia, kinakuwa manjano, na harufu ya nyasi inageuka kuwa ya mkate unaookwa kwa jirani. Hapo watu wengi huongeza moto kwa kukosa subira. Usiongeze. Manjano yanaingia kwenye kahawia, rangi ambayo Kiswahili kimeipa jina kutokana na kahawa yenyewe, na kijingozi chembamba kinaanza kubanduka na kuruka juu ya jiko. Mwenzako atalalamika kuhusu jiko. Mwambie utafagia, na ufagie kweli.

Kisha utasikia. Pa! Kimya. Pa-pa! Joto la punje limefika karibu na nyuzi 200, mvuke na gesi zilizobanwa ndani vimepasua njia, na buni zinalia kama bisi. Huo ni mlio wa kwanza. Kabla yake ulikuwa na mbegu, baada yake una kahawa. Punje zimevimba, zimekuwa nyepesi, na ukizikoroga mwiko unateleza. Mlio utapamba moto kwa dakika moja au mbili, kisha utapungua, kisha kimya.

Katika kimya hicho ndipo penye uamuzi wa nyumba nzima. Kahawa ya Kilimanjaro ina uchachu mwororo kama wa balungi na utamu nyuma yake, na vyote viwili vipo hapo, katikati ya kimya. Ukiendelea, utasikia mlio wa pili, mwepesi, wa haraka, kama chumvi iliyotupwa motoni. Mafuta yataanza kung'aa juu ya punje na moshi utakuwa mzito. Kwa kahawa ya dele, simama mlio wa pili unapoanza tu. Kwa kahawa ya kuchuja, simama kabla haujaanza. Baada ya hapo unatengeneza mkaa, na mkaa tunao tayari, unauzwa kwa ndoo.

Hapa niseme jambo linaloniuma. Watu wetu wanaamini kahawa nyeusi tititi ndiyo yenye nguvu. Kafeini haiongezeki kwa kuunguza. Kinachoongezeka ni uchungu wa kuungua, ule unaokwaruza koo na kumlazimisha mtu atie vijiko vinne vya sukari, halafu aseme kahawa haimpendi. Mkulima amepalilia, amekata matawi, amepambana na chulebuni na kutu ya majani, amechuma moja moja zilizoiva na kuziacha mbichi, ameosha, ameanika kwenye vichanja na kuzigeuza kutwa nzima. Kazi yote hiyo wewe unaifuta kwa dakika tatu za uzembe jikoni. Haifai.

Epua kabla hujafika unapotaka, maana punje hujipika kwa joto lake lenyewe. Mimina kwenye ungo, toka barazani, rusha na kupeta huku mtu mwingine akipepea kwa kipepeo cha jiko. Ndani ya dakika nne ziwe zimepoa kiasi cha kushikika. Makapi yataruka na upepo. Usizimwagie maji. Ukipima utakuta gramu 200 zimebaki kama 170, na hakuna aliyekuibia: ni maji na gesi vimekwenda zake.

Ziache zipumzike

Buni zilizotoka motoni zimejaa hewa ukaa na bado zinaitoa. Ukizisaga na kuzinywa usiku uleule utapata kikombe chenye fujo, kinachochachamaa ulimini. Ziache usiku mmoja kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kilicholegezwa, kesho kaza. Siku ya tatu hadi mwisho wa wiki ya pili ndio utu uzima wake. Ziweke kabatini penye giza, mbali na jiko. Jokofu sikushauri: kahawa hunyonya harufu, na dagaa hawana siri.

Na usikaange kilo mbili zote Jumamosi moja kwa furaha. Buni mbichi, mahali pakavu penye hewa, huvumilia miezi mingi. Zilizokaangwa hupoteza ladha kila siku. Kaanga gramu 200 kila wiki, utapata vikombe kumi na kimoja, na kilo mbili za shangazi zitakuwa wiki kumi za asubuhi njema.

Kusaga, penye ugomvi

Ukichukua neno moja tu kutoka mwongozo huu, chukua hili: saga unapotaka kunywa. Si jana, si Jumapili kwa ajili ya wiki nzima. Punje nzima ni chupa iliyozibwa. Ukiisaga umeivunja vipande maelfu, kila kipande kinatoa harufu, na ile harufu nzuri inayojaa nyumba ni sehemu ya ladha iliyokimbia kabla ya kufika kikombeni. Nyumba ikinukia saa moja baada ya kusaga, kikombe kimepungukiwa saa moja.

Kwa hiyo ile tabia ya kupeleka buni kwenye mashine ya sokoni, ukasagiwa zote mara moja nyuma ya mama aliyeleta pilipili manga, ife leo. Nimewahi kunywa kahawa iliyopita njia hiyo. Ilikuwa pilau.

Chombo bora ni mashine ya mkono yenye meno, ile unayoizungusha kwa mpini. Ina skrubu ya kukaza na kulegeza, kwa hiyo unga unatoka sawasawa, laini au mnene upendavyo. Kipimo cha kikombe kimoja kinakuchukua dakika moja au mbili za kuzungusha. Ukitoa fedha kwa kitu kimoja tu katika safari hii, toa hapo. Birika la gharama pamoja na unga mbaya ni suti mpya kwa mtu asiyeoga.

Kama una blenda tu, tuheshimiane nayo. Visu havisagi, vinakatakata, na vinakupa vumbi na mabonge katika bakuli moja. Vumbi litatoa uchungu, mabonge yatatoa uchachu, na utashindwa kujua kahawa yako ina tatizo gani kwa sababu inayo yote. Bonyeza sekunde mbili, achia, tikisa, bonyeza tena, mara sita au saba. Kisha chekecha kwa chekeche la unga: vumbi liweke kando kwa ajili ya dele, mabonge yarudishe. Na blenda iliyosaga kitunguu saumu jana haisagi kahawa leo. Saga kwanza konzi ya mchele mkavu, mwaga, futa, nusa. Kama bado unasikia kitunguu, rudia.

Kinu na mchi mzee wangu wa Kariakoo alivipenda kuliko vyote, na kwa kahawa ya dele alikuwa na haki. Alikuwa na kinu cha peke yake, hakikuguswa na tangawizi wala iliki, na alitwanga kwa kusikiliza. "Ikilia, bado. Ikinyamaza, tayari." Nimejaribu mara nyingi na ni kweli: mabonge hulia chini ya mchi, unga haulii.

Ulaini unategemea chombo cha kupikia. Kwa dele, iwe karibu na unga wa sembe. Kwa kuchuja kwa kitambaa, kama sukari. Kwa presi ya kioo, kama chumvi ya mawe iliyopondwa.

Maji

Kikombe cha kahawa ni maji kwa zaidi ya asilimia 98, kwa hiyo maji mabaya hayana pa kujificha. Ya kisima cha Dar es Salaam yenye chumvi yatakupa kahawa yenye chumvi. Ya bomba yenye harufu ya dawa yaache wazi usiku kucha, au tumia yale ya kunywa. Na ule ukoko mweupe ndani ya birika la umeme uutoe kwa ndimu na maji ya moto kabla hujalaumu buni za mtu.

Joto linalotakiwa ni nyuzi 90 hadi 96, na hapa jiografia inaingia jikoni. Kila ukipanda mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 1 pungufu. Dar es Salaam na Unguja yanachemka kwa 100, kwa hiyo epua birika, hesabu hadi sitini, ndipo umimine. Moshi mjini subiri nusu ya hapo. Aliye Mbeya au Njombe amimine papo hapo, birika likiwa bado linatokota, na asiruhusu ndugu yake wa Dar amfundishe kusubiri.

Kupika

Kipimo ni gramu 15 za kahawa kwa robo lita ya maji, yaani vijiko viwili vya mezani vilivyojaa. Anza hapo, kisha fuata ulimi wako.

Kitambaa ndicho ninachokitumia asubuhi. Shona mfuko mdogo wa pamba nyeupe, utie waya mdomoni uwe duara, uuchemshe mara mbili kuondoa harufu ya dukani. Tia kahawa, mimina maji kidogo ya kuilowesha tu, kisha ngoja nusu dakika. Kahawa mpya itafura na kutoa povu kama unga wa maandazi uliokubali hamira, kwa sababu ile hewa ukaa inatoka. Isipofura, imechakaa, hata pakiti iseme nini. Mimina maji yaliyobaki kwa awamu tatu, polepole, kwa kuzungusha. Yote yamalizike katika dakika tatu hivi. Suuza kitambaa kwa maji moto bila sabuni, maana ukitia sabuni leo utainywa kesho.

Presi ni rahisi: tia, mimina, ngoja dakika nne, sukuma polepole, kisha mimina yote kwenye vikombe. Usiiache ikae humo ikiendelea kukolea uchungu.

Dele ni jambo jingine kabisa, nalo nalipa heshima yake. Chukua nusu lita ya maji, utie kipande cha tangawizi mbichi kama kidole gumba, kilichopondwa, na iliki mbili tatu ukipenda. Yachemke kwanza na viungo, tangawizi inahitaji muda. Kisha tia vijiko vitano vya kahawa laini. Itapanda. Iepue ikipanda, ishuke, irudishe. Fanya hivyo mara tatu. Baada ya hapo iweke pembeni ya jiko dakika tano, machicha yatulie chini, na umimine bila kutikisa, kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono. Ukitaka kuona kazi ya dele, nenda Jaws Corner pale Mji Mkongwe wa Unguja jioni, ukae barazani na wazee, unyamaze. Kahawa ile haina sukari hata chembe. Utamu unaushika mkononi: kipande cha kashata, au haluwa, unakiuma kidogo, unapiga funda, na vyote viwili vinakutana mdomoni. Watu wa pwani waliyafikiri haya zamani sana, na mimi sijaona mahali walipokosea.

Sasa kionje kikombe chako. Kikiwa kichachu na chepesi, maji hayajachukua vya kutosha: saga laini zaidi. Kikiwa na uchungu unaokausha ulimi, maji yamechukua kupita kiasi: saga nene zaidi. Badilisha jambo moja kwa siku moja, na uandike kwenye kikaratasi. Wanaobadilisha matano kwa pamoja hawajifunzi chochote, wanabahatisha.

Maziwa na sukari ni hiari yako. Naomba tu funda la kwanza liwe tupu.

Desemba

Msimu wa kuchuma Kilimanjaro huanza Julai na kumalizikia Desemba, mwezi uleule ambao nusu ya Dar hupanda mabasi kurudi mlimani. Miaka sita iliyopita nilikwenda na mashine yangu ya mkono na kitambaa, nikamkuta shangazi yangu amebakiza debe la mwisho kwenye kichanja. Nilimwomba kilo moja. Nilikoboa kwenye kinu chake, nikakaanga kwenye chungu chake, juu ya mafiga yake, yeye akiwa amekaa kwenye kigoda akinitazama kama anayetazama mtoto akicheza na mbegu. Mibuni ile aliikuta alipozaliwa. Ameihudumia zaidi ya miaka hamsini. Kikombe cha kahawa yake mwenyewe alikuwa hajawahi kukinywa.

Nilimpa tupu, bila sukari. Alinusa kwanza, muda mrefu. Akapiga funda, akaniangalia, akapiga lingine. Kilipokwisha alikisogeza mbele yangu juu ya meza.

"Ongeza," akasema.

Mfuko wako bado uko juu ya kabati, nyuma ya ile sufuria ya shughuli. Ushushe leo. Na Desemba ukipanda basi, beba kitambaa na mashine, kwa sababu aliyekutumia buni hizo huenda naye hajazionja.